Kununua Hisa Wakati Bei Zinayumba: Maswali Yanayorudi Lubumbashi

Maswali haya ndiyo yanayorudi karibu kila Jumamosi katika kikundi chetu cha akiba, Kampemba. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya mtu ambaye pesa yake tayari imo ndani. Jibu lililokwisha kutolewa halirudiwi, bali msomaji anaelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini bei ya hisa hubadilika kila dakika wakati kampuni yenyewe haijabadilika?

Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Mwenye hisa anastahili kupata sehemu ya faida inayogawiwa, yaani gawio, na kwa kawaida ana kura katika mkutano mkuu. Bei unayoiona kwenye simu si thamani ya kampuni iliyopimwa na fundi. Ni kiasi walichokubaliana mnunuzi na muuzaji wa mwisho, basi. Kampuni ikiwa na hisa milioni 100, na siku hiyo zikauzwa elfu 50 tu, bei ya hizo elfu 50 ndiyo inayobandikwa juu ya zote.

Mama anayeuza unga katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, hapandishi bei kwa sababu mahindi yaliyomo ndani ya mfuko yamegeuka. Akisikia asubuhi kwamba malori yamezuiwa upande wa Zambia, bei inapanda kabla ya mchana, ingawa mfuko ni ule ule wa jana. Soko la hisa linaishi kwa habari za namna hiyo, na si lazima habari iwe kweli ili bei itikisike.

2. Je, misukosuko ni jina jingine la kushuka kwa bei?

Hapana. Misukosuko ni ukubwa wa mruko wa bei, kwenda juu na kwenda chini pia. Mfano mzuri ni Aprili 2025. Tarehe 2, Rais Trump alitangaza ushuru mpya kwa bidhaa zinazoingia Marekani. Kwa siku mbili zilizofuata, fahirisi ya S&P 500, yaani kipimo kinachofuata bei za kampuni 500 hivi kubwa za Marekani, ilipoteza zaidi ya asilimia 10. Tarehe 9, alipoahirisha sehemu kubwa ya ushuru huo kwa siku 90, fahirisi hiyo hiyo ilipanda asilimia 9.5 kwa siku moja. Aliyeuza tarehe 4 kwa kuogopa hakuwamo tarehe 9.

Hali hiyo si ya ajabu, kwani siku bora kabisa za soko mara nyingi hukaa jirani na siku mbaya kabisa. Kuna kipimo kiitwacho VIX ambacho watu hukiita kipimo cha hofu, kwa sababu hupanda pale wanunuzi wanapolipa bei kubwa ili kujikinga. Tarehe 16 Machi 2020 kilifunga siku kikiwa 82.69, ilhali katika nyakati tulivu huwa chini ya 20. Kinakuambia jinsi watu wanavyoogopa leo, wala hakikuambii bei ya kesho.

3. Je, Kongo ina soko la hisa?

Haina. Kilichopo ni dhamana za Hazina, ambazo serikali imekuwa ikiziuza kupitia benki tangu mwaka 2019, na hizo ni mkopo unaoipa serikali, si umiliki wa kampuni.

Hata hivyo, hisa hazipo mbali nasi kama watu wanavyodhani. Benki ya TMB ilizaliwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 2004, na tangu Desemba 2022 asilimia 85 yake ni ya benki ya KCB, ambayo hisa zake huuzwa Nairobi. EquityBCDC ni ya Equity Group, nayo iko Nairobi. CRDB, iliyofungua milango mjini kwetu mwaka 2023, iko katika soko la Dar es Salaam. Kwa upande wa migodi, Glencore yenye mgodi wa KCC iko London, Ivanhoe yenye sehemu ya Kamoa-Kakula iko Toronto, na CMOC yenye Tenke Fungurume iko Hong Kong na Shanghai. Shaba inapita mpaka wa Kasumbalesa juu ya malori, na bei ya kampuni inayoichimba inapangwa na watu wasioijua hata njia ya kwenda Likasi.

4. Mtu wa Lubumbashi anapitia wapi kununua?

Anapitia kwa dalali aliyesajiliwa na mamlaka ya soko la nchi husika. Kwa Nairobi, dalali hukufungulia akaunti ya hifadhi ambamo hisa huandikwa kwa jina lako. Lusaka, ambako biashara ya hisa ilianza mwaka 1994, utaratibu unafanana. Kwa Marekani na Ulaya, wengi hutumia madalali wa mtandaoni, lakini baadhi yao hawawapokei wakazi wa Kongo kabisa. Tangu Oktoba 2022 nchi yetu iko kwenye orodha ya kijivu ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kuhusu utakatishaji wa fedha, na jambo hilo limeongeza maswali unayoulizwa juu ya chanzo cha pesa.

Kikwazo kinachowakwamisha wengi ni kidogo na cha kuudhi: uthibitisho wa makazi. Mpangaji wa Katuba ana pasipoti na ana mshahara, ila bili ya umeme ya SNEL ina jina la mwenye nyumba, tena pengine la marehemu baba yake mwenye nyumba. Anza na karatasi hiyo kabla ya kitu kingine. Taarifa ya benki yenye anwani yako mara nyingi hukubaliwa badala yake.

## Kabla ya kuweka pesa

5. Ni pesa gani inayofaa kuwekwa katika hisa?

Ni pesa ambayo hutaihitaji kwa miaka mitano au zaidi. Karo ya Septemba haifai, garanti ya nyumba haifai, na zamu yako ya likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, haifai hata kidogo, kwa sababu hiyo ni ahadi kwa wenzako. Tenga kwanza gharama za nyumbani za miezi michache mahali unapoweza kuzifikia siku ile ile.

Sababu yake ni hii. Bei kushuka hakukufilisi maadamu huuzi na kampuni ziko hai. Kinachofilisi ni kulazimika kuuza siku bei ziko chini, na soko halina habari kwamba mtoto wako ni mgonjwa. Karibu kila jibu linalofuata, ukilichunguza, linarudi hapa.

6. Nianze na kiasi gani?

Angalia ada kwanza. Ukituma dola 200 na benki ikakata 30, umepoteza asilimia 15 kabla ya kununua chochote. Afadhali kukusanya na kutuma mara mbili kwa mwaka.

7. Nafanya kazi mgodini na ninaifahamu shaba. Je, hisa za kampuni za shaba hazinifai kuliko zote?

Swali hili huulizwa kwa kujiamini kuliko yote, na ndilo ninalolijibu kwa ukali kuliko yote. Mtu wa Lubumbashi tayari ana shaba nyingi mno. Mshahara wake ni shaba. Nyumba yake ya kupangisha mtaa wa Golf inapata wapangaji kwa sababu ya shaba. Mkewe mwenye duka la vifaa vya usalama anauza buti na kofia kwa wakandarasi wa migodi. Akiongeza hisa za shaba, hajapanua mali yake, bali ameweka mayai yale yale katika kikapu kile kile na kukifunga kamba ya pili.

Wenye umri wanakumbuka mwaka 2008. Julai tani moja ya shaba ilikuwa juu ya dola 8,000, na Desemba ilikuwa karibu na 3,000. Viyeyushio vidogo vya Katanga vilifungwa na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, wakati ule ule hisa za kampuni za madini zilipokuwa zikiporomoka duniani kote. Mwaka 2015 jambo hilo lilirudi: Septemba, Glencore ilitangaza kusimamisha uzalishaji wa KCC, na tarehe 28 ya mwezi huo hisa zake zilipoteza karibu asilimia 30 kwa siku moja jijini London. Kobalti nayo ilipita dola 90,000 kwa tani mwaka 2018, ikaanguka, na mwishoni mwa 2019 mgodi wa Mutanda ukasimamishwa.

Fikiria mtu aliyekuwa na kazi katika mgodi mmojawapo na akiba yake yote katika hisa za kampuni hiyo. Barua ya kusimamishwa kazi na anguko la akiba vilimfikia katika msimu mmoja. Alilazimika kuuza ili ale, na akauza kwa bei ya chini kabisa.

Kuijua kazi ni jambo jema, ila kujua kuchoronga mwamba hakukuonyeshi kinachokuja. Mei 2025 mitetemo chini ya ardhi ilisimamisha uchimbaji Kakula, na hisa za Ivanhoe zikaanguka Toronto. Februari ya mwaka huo huo, serikali ilizuia kobalti yote isitoke nchini kwa miezi minne, kisha ikaongeza muda. Hakuna fundi wa Kolwezi aliyekuwa na tarehe hizo mfukoni. Kwa hiyo, mtu wa hapa akinunua hisa, na azitafute katika mambo yasiyonuka shaba: benki, simu, chakula, dawa, au mfuko wa fahirisi unaonunua kampuni mamia kwa pamoja.

8. Akiba yangu iko katika dola. Je, sarafu ya soko ina umuhimu wowote?

Ina umuhimu mkubwa, na watu wetu huusahau kwa sababu wamezoea kuhesabu kila kitu cha thamani kwa dola. Hisa ya Safaricom ilifika shilingi 45 hivi Agosti 2021, na mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya shilingi 15. Mkenya anaona bei imepungua hadi theluthi. Lakini katika muda huo shilingi yenyewe ilidhoofika, kutoka karibu 109 kwa dola hadi zaidi ya 150. Kwa mtu wa Lubumbashi aliyebadilisha dola ili anunue, hisa iliyogharimu senti 41 za dola ilikuwa sasa haifiki senti 10.

Faranga yetu ya Kongo nayo ina tabia zake. Waliokuwa wakiamini kwamba hushuka tu walishangaa mwaka 2025 ilipopata nguvu ghafla kuanzia Septemba, hata wabadilishaji pesa wa barabarani wakawa wanakataa kutaja bei ya alasiri. Ikiwa kodi ya nyumba unailipa kwa dola na soko unalifanya kwa faranga, weka hesabu zote mbili.

## Bei zinapoporomoka

9. Hisa zangu zimeshuka asilimia 30. Niuze?

Jiulize maswali mawili kabla ya kugusa simu. Je, kampuni imeharibika, au ni bei tu iliyoshuka pamoja na soko zima? Na je, pesa hiyo unaihitaji karibuni? Kampuni ikiwa imeharibika, kwa mfano imeshindwa kulipa madeni au vitabu vyake vimegunduliwa kuwa vya uongo, kuuza kwa hasara ni busara hata kama kunauma. Ikiwa soko zima limeshuka na pesa huihitaji, hakuna kinachokulazimisha kufanya lolote.

Nilijifunza hayo kwa gharama. Mwaka 2020 nilikuwa na dola 1,800 katika mfuko wa fahirisi ya Marekani. Ijumaa tarehe 20 Machi, jioni, nikiwa nimekaa kitandani, umeme hakuna, simu ikiwa na asilimia 11 ya chaji, niliona 1,240. Nikauza zote. Jumatatu tarehe 23 ndiyo siku soko lilipogusa chini, na kufikia Agosti lilikuwa limerudi lilikotoka. Kwa muda mrefu nilijilaumu kwa woga. Baadaye nilipozifungua hesabu zangu, niliona kwamba dola 600 katika hizo zilikuwa karo ya binti yangu. Nisingeweza kuvumilia hata kama ningekuwa na moyo wa simba. Kosa nililifanya siku ya kuweka pesa, miezi saba nyuma.

10. Bei huchukua muda gani kurudi?

Inategemea, na tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyopenda kusikia. Anguko la Februari na Machi 2020 liliondoa asilimia 34 ya S&P 500 na kufidiwa kwa miezi sita tangu lilipoanza. Anguko lililoanza Oktoba 2007 liliondoa karibu asilimia 57 hadi Machi 2009, na kiwango cha zamani hakikuonekana tena mpaka 2013. Japani ni somo la peke yake: fahirisi ya Nikkei ilifika kilele mwishoni mwa Desemba 1989, na haikukivuka mpaka Februari 2024. Hiyo ni miaka 34. Mtu aliyenunua siku ya harusi yake alingoja mpaka wajukuu.

Tena hizo ni fahirisi. Kampuni moja inaweza isirudi kamwe. Na hesabu ya hasara ina ukatili wake: kilichoshuka asilimia 20 kinahitaji kupanda asilimia 25 ili kirudi palepale, lakini kilichoshuka asilimia 50 kinahitaji kupanda asilimia 100.

11. Si afadhali ningoje mpaka bei ifike chini kabisa ndipo ninunue?

Chini kabisa huonekana baada ya kupita. Tarehe 23 Machi 2020 hakuna aliyepiga kengele, na habari za siku hiyo zilikuwa za vifo na mipaka iliyofungwa.

12. Kununua kidogo kidogo kila mwezi kunasaidia kweli?

Kunasaidia mtu mwenye mshahara. Chukua dola 50 kila mwezi kwa miezi mitatu, na bei ya hisa iwe dola 10, kisha 5, kisha 8. Mwezi wa kwanza unapata hisa 5, wa pili 10, wa tatu 6.25, jumla 21.25. Umetoa dola 150, na kwa bei ya 8 unazo dola 170, ingawa bei bado iko chini ya ulipoanzia. Dola 50 zile zile zimenunua nyingi bei iliposhuka. Madalali wengine hawauzi vipande vya hisa, na hapo utalazimika kukadiria.

Njia hii haikulindi ikiwa kampuni yenyewe inakufa. Katika hali hiyo unaongeza maji katika ndoo iliyotoboka.

13. Nilikuwa natazama bei za Marekani na zikasimama ghafla. Je, simu imeharibika?

Huenda soko lenyewe limesimamishwa. S&P 500 ikishuka asilimia 7 ndani ya siku, biashara husimama dakika 15. Ikifika asilimia 13, husimama tena dakika 15, na ikifika 20, soko hufungwa mpaka siku inayofuata. Machi 2020 ilitokea mara nne. Nairobi wana utaratibu wao wa kuzuia bei ya hisa moja isiruke zaidi ya asilimia 10 kwa siku.

Kumbuka pia saa. New York hufungua saa tisa na nusu alasiri kwa saa za Lubumbashi, na saa kumi na nusu wakati wa majira yao ya baridi.

14. Niliona bei ya 20, nikanunua, na nikatozwa 23. Nimeibiwa?

Pengine hapana. Ulituma agizo la bei ya soko, lenye maana ya "ninunulie kwa bei yoyote iliyopo". Siku tulivu tofauti ni senti chache, lakini siku ya misukosuko wauzaji wa 20 wamekwisha kuondoka agizo lako linapofika. Tumia agizo la bei kikomo, ambalo husema "nunua, ila usipite 20.50". Linaweza lisitimie, na hilo ndilo kusudi lake. Dakika za kwanza baada ya soko kufunguliwa ndizo zenye mitego mingi, nami huziacha zipite.

15. Dalali ananipa mkopo ili ninunue zaidi wakati bei ziko chini. Nikubali?

Usikubali. Una dola 1,000, unakopa 1,000, unanunua za 2,000. Bei zikishuka asilimia 30, mali yako ni 1,400, deni ni lile lile 1,000, na chako ni 400. Soko limepoteza asilimia 30, wewe 60. Mbaya zaidi, dalali ana haki ya kuziuza hisa zako bila kukungoja, na hatari iliyoelezwa katika swali la 5 inakuwa imeandikwa ndani ya mkataba.

## Mambo ya pembeni

16. Kuna programu inayolipa asilimia 2 kila siku, hata soko likishuka. Mbona ninyi mnazungumzia miaka mitano?

Mama mmoja aliniambia: "Yaya (yaani ndugu mkubwa), mdogo wangu amekwisha kulipwa mara mbili." Ninaamini kwamba alilipwa. Ndivyo zinavyoanza, kwa kuwalipa wa kwanza kwa pesa za wa pili. Piga hesabu: dola 100 zikikua asilimia 2 kila siku na kuachwa humo, baada ya mwaka ni zaidi ya dola 137,000. Mwenye mashine kama hiyo hana haja ya dola 100 zako, na mwamba ngoma huvutia kwake. Wazee wanakumbuka Bindo ya mwaka 1991, iliyoanzia Kinshasa na kumeza akiba za watu wengi.

Dalali halali hukupa karatasi za umiliki, ana namba ya usajili unayoweza kuithibitisha kwa mamlaka ya nchi yake, na hakuahidi faida. Anayekutaka ulete watu watatu si dalali.

17. Gawio langu la Marekani limekatwa asilimia 30. Nilalamike kwa nani?

Hakuna wa kumlalamikia. Hicho ndicho kiwango kwa mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi na Marekani, na Kongo haina. Kihesabu kabla ya kununua kwa ajili ya gawio.

18. Kampuni imeondolewa sokoni. Hisa zangu zimepotea?

Inategemea sababu. Katanga Mining iliondoka soko la Toronto mwaka 2020 kwa kuwa Glencore ilinunua sehemu iliyobaki, na wenye hisa wadogo wakalipwa fedha taslimu. Kampuni ikiondolewa kwa kufilisika, wadai hulipwa kwanza na wenye hisa hubaki na makombo, mara nyingi bila hata hayo.

19. Nikifa, familia itapataje hisa zangu?

Kwa shida, kama haijui kwamba zipo. Dalali wa nje hatatuma mtu Lubumbashi kukutafuta. Atataka cheti cha kifo na hati ya mahakama inayotaja warithi, vyote vikiwa vimetafsiriwa. Kwa hisa za kampuni za Marekani zinazozidi dola 60,000, mgeni asiyeishi huko huingia pia katika kodi yao ya urithi, na jambo hilo huwashangaza watu waliodhani kodi hiyo ni ya matajiri wa huko peke yao.

Andika jina la dalali, namba ya akaunti na barua pepe uliyojisajilia kwenye karatasi moja, bila neno la siri. Iweke pamoja na hati ya kiwanja, na umwonyeshe mtu mmoja mahali ilipo.